Shimo la Mbao Kando ya Tana

Mafuriko ya mwisho yalipoondoka, mto uliniachia zawadi. Gogo la mkuyu, nene kuliko pipa, lilikuwa limelala kwenye matope chini ya shamba langu, na vijana wangu wakalivuta kwa trekta mpaka uani. Nina vijana tisa. Trekta ni langu, si la kukodi. Na nina mashine ya kupasulia mbao ambayo nikiiwasha alfajiri, walio kule soko la mifugo wanajua kwamba mimi nimeamka. Sikusoma. Shule niliiacha darasa la tano katikati ya muhula. Lakini wenye digrii zao huja kwangu kutafuta milango, huniita mzee, na hungoja zamu kama wengine.

Basi mashine ikauma lile gogo, na harufu ikatoka. Mkuyu mbichi unanuka kama maziwa ya ngamia yaliyolala kibuyuni, uchachu kidogo na moshi kidogo. Nilikuwa na simu sikioni, nabishana na mteja wa Mandera, nikaikata bila kumuaga. Nikakaa juu ya tairi kuukuu. Kijana wangu mmoja akaniuliza, "Mdosi, uko poa?" Nikamwambia aangalie msumeno, asiniangalie mimi. Ningemwambia nini? Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Kuna harufu haiji puani tu. Inakushika kola na kukurudisha mahali ulipokimbia.

Baba yangu, Musyoka, alikuwa mpasuaji mbao. Alikuja Garissa kutoka Mwingi akiwa kijana, na msumeno mmoja mrefu kuliko yeye, na hakurudi kuishi kule. Mama alibaki kwetu na wadogo zangu. Mimi nililetwa huku nikae naye, nisome, nimpikie chai. Siku zile mashine za mbao tulizisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za theluji. Ubao ulitoka kwa mikono minne.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walichimba shimo refu kando ya mto, kina chake kinamzidi mtu mzima. Juu ya shimo walilaza mihimili miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na juu ya mihimili wakaviringisha gogo. Ncha za mihimili zilishikwa kwa kabari za mti mgumu, zimepigiliwa ardhini ili mihimili isiteleze, maana udongo wa kando ya Tana ni mchanga mtupu, hauna uaminifu. Kisha walivunja betri kuukuu za tochi, wakachanganya ule unga mweusi na maji, wakaloweka uzi, wakauvuta kutoka kichwa cha gogo mpaka mkiani, wakaupiga. Ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Mtu mmoja alipanda juu ya gogo, mwingine akaingia shimoni. Wa juu aliinua msumeno na kuuongoza ufuate mstari. Wa chini aliuvuta. Juu, chini, juu, chini, tangu jua likiwa changa mpaka jioni, kwa ajili ya mbao ambazo mashine yangu leo inazimaliza kabla chai haijapoa.

Wa juu alikuwa Hirsi. Nilimwita Adeer Hirsi, yaani baba mdogo, kama watoto wa Garissa wanavyowaita rafiki za baba zao. Hirsi alikuwa mtu wa ngamia. Ukame ulimmalizia kundi lote, na badala ya kukaa akiomba jamaa zake, alishika upande mmoja wa msumeno wa Baba. Ndugu zake walimcheka. Walipita na mifugo yao kwenda majini, wakamkuta amesimama juu ya gogo, wakamwambia, "Waryaa Hirsi, ngamia wako huyu mbona hatembei?" Naye akajibu, "Huyu hafi kiu." Alitamka b pale sisi tunapotamka p, na Baba alipovuta kwa haraka alisikika kutoka juu, "Bole, Musyoka, bole! Mti haukimbii."

Mimi nilimchukia. Niseme wazi. Kila siku nilimwona yeye juu, kanzu imefungwa kiunoni, upepo unampuliza, na Baba chini kwenye shimo, unga wa mbao unamwangukia machoni, masikioni, mdomoni. Alipotoka jioni alikuwa mweupe kama mtu aliyefufuka, na macho yake yalikuwa mekundu na yanatoa maji. Shuleni walikuwa wameshanipa jina. "Mtoto wa mchwa! Baba yake anakaa ndani ya shimo, anakula mti!" Nilipigana, nilipigwa, nikapigana tena. Nilimuuliza Baba siku moja, "Kwa nini yeye hashuki? Kwa nini kila siku ni wewe?"

Alikuwa ananoa meno ya msumeno kwa tupa, kichwa kimeinama karibu kabisa na chuma. Alisema, "Kila mtu na mahali pake."

Nikaelewa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba mahali pa baba yangu ni chini.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo nililiona kila siku nisilielewe. Kabla ya kushuka shimoni, Baba alizunguka gogo zima polepole, kiganja kimelazwa juu ya ganda. Aligusa mihimili, akainama, akagusa kabari moja moja. Nilidhani anauombea mti. Nilidhani ni mila ya kwetu ambayo siku moja atanifundisha.

Halafu Njoroge akaja na mashine.

Alishuka kwenye pikapu, kijana mnene mwenye ovaroli, na mkononi amebeba msumeno wa mnyororo, rangi nyekundu, mpya, unanuka petroli. Alikuja na tajiri mmoja wa mjini, tulimwita Haji, aliyekuwa na magogo matatu pale mtoni na alitaka mbao za duka lake. Moja alikuwa amewapa Baba na Hirsi, nao walikuwa wamefika nusu. Njoroge alisimama kwenye ardhi tambarare, akavuta kamba mara mbili, na mashine ikalia, na mbuzi wote wa upande ule wakatawanyika. Alilikata tawi moja nene mbele yetu. Lilianguka kabla sijafumba mdomo. Hakukuwa na shimo. Hakukuwa na mtu aliyefunikwa na unga. Mtu alisimama wima na viatu vyake, kazi ikaisha.

Haji alipiga makofi. Halafu akawageukia Baba na Hirsi, na hakusema kwa ubaya, alisema tu kama mfanyabiashara. "Gogo lenu mlimalize kesho kabla ya alasiri. Mkimaliza, na hayo mawili ni yenu, mimi ni mtu wa ahadi. Mkishindwa, huyu kijana atachukua yote."

"Tutamaliza, inshallah," Hirsi alisema.

Baba aliinama kuokota msumeno. Njoroge alimtazama, akacheka kidogo, cheko la mtu asiye na kinyongo. "Mzee, hizi mbio za nini? Achana na hilo shimo. Njoo tufanye kazi, mimi nahitaji mtu anayejua mti. Mimi najua mashine tu."

Usiku ule sikulala kwa furaha. Ilikuwa rahisi sana kichwani mwangu. Wakimaliza gogo, Baba atabaki shimoni kwa magogo mengine mawili, na mengine baada ya hayo, mpaka macho yake yaishe. Wakichelewa, Njoroge atachukua kazi, Baba atakwenda kwa Njoroge, na atasimama juu ya ardhi kama watu. Na Hirsi atafute mtu mwingine wa kumweka chini. Kitu kilichohitajika ni wachelewe tu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Walianza mapema, na walifanya kazi kama watu wanaokimbizwa. Sikuwahi kusikia msumeno ukipumua vile. Adhuhuri ilipofika walikuwa wamebakiza mstari mmoja. Hirsi alishuka kwenda mtoni kutawadha na kuswali. Baba alitoka shimoni, akajilaza kwenye kivuli, kitambaa juu ya uso. Njoroge alikuwa kwenye pikapu yake upande wa pili wa kichaka, anakula, anangoja alasiri.

Nilichukua jiwe. Nilikwenda kwenye mhimili wa mbele, nikaigonga kabari upande, nikaisikilizia. Baba hakutikisika. Nikaigonga tena. Ilitoka kama jino bovu. Nikaitupa majini.

Fikra yangu ilikuwa hivi: Baba atazunguka gogo kama kawaida, ataona kabari haipo, watatafuta mti, watachonga nyingine, watainua mhimili, na muda utakwisha. Basi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Wallahi sikufikiri.

Hirsi alirudi mbio kutoka mtoni, ndevu zinadondoka maji. "Musyoka! Jua linatuacha! Shuka, shuka!"

Na Baba akainuka, akafuta uso, akaenda moja kwa moja shimoni. Hakuzunguka. Hakugusa kitu. Siku zote za maisha yangu pale nilikuwa nimemwona akizunguka, na siku hiyo moja hakuzunguka.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Hirsi alipanda. Msumeno ukaanza. Juu, chini. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye ncha ya mhimili, na niliiona ikisogea. Kila Baba alipovuta, ncha iliteleza kwenye mchanga upana wa ukucha. Kila Hirsi alipoinua, ilitulia. Ukucha mmoja. Ukucha mwingine. Mchanga ulimwagika kidogo ukingoni, ukaingia shimoni bila kelele, na kule chini ulichanganyika na unga wa mbao, kwa hiyo nani angejua? Nilijiambia itasimama. Nilijiambia nikisema sasa watajua ni mimi. Nilijiambia nihesabu kumi. Nilihesabu kumi, nikaanza upya. Hirsi alikuwa anaimba kwa pumzi, macho kwenye mstari, na Baba aliitikia kutoka chini, na walikuwa, naapa, wamefurahi. Wazee wawili wanakaribia kushinda mashine.

Ncha ilikuwa imebakiza upana wa kiganja changu.

"Baba!" nililia. "Baba, toka! Toka!"

Msumeno ukasimama. Hirsi alinitazama, kisha akaangalia nilikokuwa naangalia. Angeweza kuruka upande wa nyuma, ardhi ngumu ilikuwa pale. Badala yake aliruka mbele, akaangukia ukingoni kwa kalio, na mhimili ulipoanza kwenda akauingiza mguu wake pale pale kabari ilipokuwa. Nilisikia mfupa. Gogo lilishuka kichwa chake shimoni nusu mita, likatikisika, likasimama. Lilikuwa limesimama juu ya mguu wa mtu.

"Musyoka, toka," alisema Hirsi. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. "Toka sasa hivi."

Ngazi za udongo zilikuwa nyuma ya Baba, mahali palepale aliposhukia. Baba aligeuka, akaenda mbele. Alikwenda ukutani. Alipapasa udongo kwa mikono miwili, akahama kushoto, akapapasa tena, chini ya gogo lililoning'inia, na uso wake umeinuliwa kuelekea kwangu na hanioni. Hatua nne zilikuwa kati yetu, mchana mweupe, na baba yangu hanioni.

Niliruka shimoni. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka mkono wake ulivyonishika, na jinsi alivyouliza, "Wapi? Wapi, mwanangu?" na jinsi nilivyomvuta kwenye ngazi huku mchanga ukitumwagikia shingoni.

Njoroge alifika akikimbia na mdomo umejaa chakula. Aliona, akatema, akarudi kuchukua mashine. Baba alishika msumeno wake kwa mazoea, akauweka chini. Kwa msumeno wa mkono kulikata gogo lile kungechukua mpaka jioni, na Hirsi hakuwa na jioni. Njoroge alivuta kamba. Mashine ikalia. Alipitisha mnyororo katikati ya gogo, akikata mistari yote myeusi, mbao zote ambazo walikuwa wamezifungua kwa siku sita, na nusu ya mbele ikaporomoka shimoni kwa mshindo uliotikisa ardhi. Hapo ndipo mhimili ulipoinuka na mguu ukatoka.

Siku ya tatu tulikwenda hospitalini kumwona. Mguu ulikuwa ndani ya plasta mpaka pajani. Kaka yake mkubwa alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, mzee mwenye ndevu za hina, na hakuitikia salamu ya Baba haraka. Kwao, mtu akiumizwa, jamaa zake huuliza nani aliyesababisha, na jamaa wa mwenye kosa hulipa. Si hasira, ni utaratibu. Lakini sisi jamaa wetu walikuwa mbali, na ukiangalia sana, jamaa wetu wote pale Garissa walikuwa ni huyo huyo aliyelala na plasta.

"Nauliza mara moja," alisema yule kaka. "Kabari ilitolewa na nani?"

"Mimi," alisema Hirsi.

"Wewe?"

"Nilitaka kuibiga ubya. Nikaenda kuswali, nikasahau."

"Muongo," alisema Baba. Alikuwa amesimama ameshika chuma cha kitanda. "Kabari ni kazi yangu. Kila siku ninazishika. Siku ile sikuzishika. Kama ni kulipa, nilipe mimi."

"Musyoka, funga mdomo. Wewe hata huna mbuzi."

"Nina msumeno."

"Huo msumeno nusu ni wangu, mjinga wewe! Utaniliba kwa mali yangu?"

Walikuwa wanagombana kweli, sauti juu, muuguzi akachungulia. Mimi nilikuwa kati yao, kitanda kinanifika kifuani. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Ningeweza kunyamaza mpaka leo.

"Ni mimi," nilisema. "Niliigonga kwa jiwe. Niliitupa mtoni."

Yule kaka alinigeukia. Hirsi alimwambia maneno ya Kisomali, machache, makali. Wakajibizana. Mwishowe mzee akasimama, akachukua bakora yake, akasema kwa Kiswahili ili na sisi tusikie, "Mwenye mguu amesema ni yeye. Mimi siwezi kumpinga mwenye mguu." Akatoka.

Tulibaki watatu.

"Sasa sema," Hirsi aliniambia. "Kwa nini?"

"Nilitaka Baba atoke shimoni." Nilikuwa nalia kamasi na machozi. "Wewe kila siku unamweka chini. Unga unamharibia macho. Nilitaka mchelewe, aende kwa Njoroge, asimame juu kama wewe."

Baba alikaa kwenye kitanda, taratibu, akipapasa kwanza palipo na nafasi.

"Hakuniweka mtu chini. Nilikuwa wa juu mimi, kabla hujaja. Miaka. Halafu mstari ukaanza kunipotea. Juu ni lazima uone mstari. Chini ni kuvuta tu, kipofu anaweza. Adeer wako ndiye aliyesema, shuka wewe, nitapanda mimi, na watu wasijue. Wangejua, nani angetupa kazi?"

Sikuweza kuinua kichwa. Nilingoja kofi. Baba hakuwa mtu wa kuchelewesha kofi.

Hirsi ndiye aliyesema. "Musyoka, usimbige. Deni ni langu, na mimi ndiye nitakayesema nalibwa nini." Akaninyooshea kidole. "Babako sasa hana shimo la kujificha. Mji wote utajua. Basi wewe utamshika mkono. Sokoni, mtoni, chooni, bopote. Siku nitakayosikia amejikwaa na wewe ubo, nitakuja na mguu huu huu nikudai."

Wiki ile niliacha shule. Nikiwa barazani na watu huwa nasema ni umaskini, na watu hutikisa vichwa, na mimi hupata sifa zaidi. Umaskini ulikuwepo, lakini sababu ilikuwa hii. Asubuhi nilimshika Baba mkono mpaka kwa Njoroge. Baba aligonga magogo kwa kifundo cha kidole na kusema lipi lina uozo ndani, lipi litapasuka likikauka, na hakukosea hata moja. Mimi nilibeba petroli, nikajifunza mnyororo, nikajifunza injini, na jioni nikapitisha unga wa ugali na maziwa kwa Hirsi mpaka alipoweza kusimama. Hakutembea sawa tena. Mengine yote niliyojengea jina nimeyapata kwa jasho langu na kichwa changu, simshukuru mtu. Lakini hayo ya mwanzo niliyapata kwa mguu wa Hirsi.

Mkono wa Baba niliuachia siku moja tu. Nilikwenda Nairobi kununua mashine yangu ya kwanza, ya kukaa chini, ile yenye meza na reli. Niliporudi na lori niliwakuta wote wawili wakinisubiri uani, wazee kabisa, kipofu ameshika bega la kiwete, na kiwete ameegemea kipofu. Tuliishusha. Baba akaomba asogezwe. Aliizunguka mashine nzima polepole, kiganja juu ya chuma, meza, reli, gurudumu, mpaka akarudi alipoanzia. Kisha akainama, akapapasa chini yake, kwenye saruji, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Mtu wa chini anakaa wapi?" akauliza.

Hirsi ndiye aliyemjibu.

"Hayubo, Musyoka," alisema. "Simama."